Tyubu ni ya Mwenyewe

Spea ambayo Fundi aliitafuta mpaka akafa ilikaa miaka dukani mwake mwenyewe. Juu ya rafu, upande wa kushoto, ukinyoosha mkono unaigusa. Na mimi alinituma Kikambala, akanituma Marereni, akanituma kila yadi ya skrapu iliyoko hapo katikati, nikamtafutie kitu kilichokuwa kinanitazama kila nikiingia kumwambia shikamoo. Mtu akisikia hivi husema mzee huyo alikuwa na kichaa. Nami nilisema hivyo hivyo, tena mbele yake, akanimwagia chai kikombe kizima. Chai yenyewe ilikuwa imepoa. Alikuwa na hasira, lakini roho mbaya hakuwa nayo.

Mimi kazi yangu ni skrapu. Nasukuma mkokoteni, nanunua masufuria yaliyotoboka, friji zilizokufa, mabati, waya, kila kitu ambacho mwenyewe amekichoka. Nasema mapema mtu asije akadhani haya yanatoka kwa msomi. Mimi niliishia darasa la nane, na hilo la nane lenyewe nilikaa karibu na dirisha.

Duka la Fundi lilikuwa Malindi, kwenye kichochoro cha mji wa zamani. Mlango wake chuma chote kilikuwa kimeliwa na hewa ya chumvi, ukiusukuma unabaki na kutu mkononi. Ndani, sasa! Ndani ungedhani ni hospitali. Bisibisi zimelala kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa, juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa akitengeneza amplifaya za misikiti na za makanisa, redio za maboti, mizani za umeme za wenye chumvi kule Marereni, vyombo vya muziki vya hoteli. Na alikuwa akitengeneza kwa kutazama.

"Redio haitengenezwi kwa sikio," alikuwa akisema. "Sikio lina adabu sana. Likisikia kitu kibaya mara mbili, hukizoea."

Cha kutazamia kilikuwa boksi zito lenye vifundo vingi na kioo cha duara mbele. Yeye aliliita oskiloskopu, jina ukilimaliza mate yamekauka. Sisi tukaita skopu. Ukiunganisha waya na redio, mstari wa kijani kwenye kioo unacheza jinsi umeme unavyopita. Siku ya kwanza kuiona nilimuuliza:

"Fundi, hii TV yako ina chaneli moja tu?"

"Moja."

"Na inaonyesha mstari peke yake?"

"Mstari peke yake."

"Hata taarifa ya habari haina?"

"Hiyo ndiyo taarifa ya habari, mjinga wewe. Nyamaa utazame."

Nikanyamaa, lakini sikukaa sana. Mstari ulikuwa na manyoya manyoya, kama uzi wa katani. Nikamuuliza hayo manyoya ni nini, akasema ni kelele, umeme wa upuuzi unaoingia mahali hautakiwi. Akanitazama. "Kama wewe," akasema. Toka siku hiyo jina langu kwake likawa Kelele. Hata mkewe akaniita hivyo. Nilipooa nilimpeleka mke wangu kuwasalimia, na yule mama akamwambia, "Karibu, mke wa Kelele, Mungu akupe subira." Mke wangu mpaka leo hajui kama ilikuwa dua au pole.

Sasa hiyo tyubu. Kile kioo cha duara si kioo kitupu, ni mdomo wa tyubu ndefu ya kioo inayoingia mpaka nyuma ya mashine, na nyuma huko ina uzi mwembamba unaowaka, kama wa balbu. Siku uzi ule ulipokatika, skopu ya Fundi ilikufa. Kila kitu kingine ndani yake kilikuwa kizima. Tyubu ikikatika uzi haifunguki, haishonwi, haina dawa. Inatakiwa nyingine, ya aina ile ile, na waliokuwa wakiitengeneza wameacha zamani, wengine wako makaburini.

Na pembeni yake, juu ya rafu, ilikuwa skopu nyingine. Pacha. Kiwanda kimoja, umbo moja, vifundo vile vile. Tyubu yake ni nzima. Lakini haikuwa ya Fundi.

Iliachwa na mwalimu mmoja wa bara aliyekuwa akifundisha umeme Kilifi. Alikuja nayo imezimika, akaiweka mezani, akasema, "Nitapita Jumamosi, mzee." Fundi akaitengeneza. Jumamosi ikaja. Mwalimu hakuja. Jumamosi zikaja nyingine, zikaja nyingine, mwalimu kimya, na huko chuoni wakasema kahamishwa, hawajui wapi. Fundi aliuliza kila mtu wa bara aliyepita mbele ya mlango wake, hata wauza chapati. "Wamjua mwalimu mmoja mrefu, ana kovu la kidevu?" Watu wa bara wako wengi. Warefu pia wako wengi.

Hapo ndipo mimi na yeye tulipogombana mpaka nikamwagiwa chai.

"Fundi," nilimwambia, "tyubu hiyo hapo."

"Si yangu."

"Mwenyewe hayuko."

"Ndiyo maana yaitwa amana. Angekuwako ingeitwa jina jingine."

"Itoe, uitumie. Akija unaitia."

"Kelele, tyubu si sufuria, ukimaliza kupika unaosha unarudisha. Tyubu kila ikiwaka yapunguza umri wake. Nikitumia saa moja, nimemlia saa moja. Nitazitoa wapi saa za watu nizirudishe?"

"Basi una kichaa." Hapo chai ikaja.

Mkewe naye hakukubali kushindwa. Alikwenda mwenyewe kwa shekhe kuuliza, akaeleza kila kitu, akarudi mbio mbio, buibui limejaa upepo. Shekhe amesema kama mtu ametafutwa kwa haki na hakuonekana, si vibaya kuitumia, bora kuwe na nia ya kurudisha. Mimi nikapiga makofi. Fundi alikuwa analehemu waya kwa risasi, hata hakuinua macho.

"Shekhe ni mtu mzuri," akasema. "Lakini tyubu hajui."

"Wewe wamshinda shekhe?" mkewe akamuuliza.

"Simshindi. Yeye kanipa ruhusa. Mimi nimeikataa. Ruhusa si amri, mke wangu."

Msidhani lakini nawaelezea mtu wa peponi. Fundi alikuwa muongo. Muongo wa kazini, wale wa "kesho". Mteja akija, "Kesho asubuhi iko tayari, Inshallah," na hiyo redio hajaifungua hata skurubu moja. Kuna mwenye boti mmoja aliambiwa kesho mpaka akaanza kuja na kiti chake. Nilimuuliza siku moja, "Mzee, wewe ambaye hugusi tyubu ya mtu, mbona wawadanganya hawa?" "Hawa hawadanganyiki," akasema. "Mtu akiambiwa kesho na fundi ajua maana yake." Na nadhani alikuwa akiamini kabisa.

Alikuwa pia mwoga wa radi. Mtu aliyetia mikono kwenye umeme maisha yake yote, wingu likinguruma upande wa Gede yeye anazima kila kitu Malindi, anavaa viatu vya mpira, anakaa juu ya stuli katikati ya duka, miguu juu. Hata sukari alikatazwa na daktari, akamtangazia kila mtu kwamba ameacha, na kila alasiri kulikuwa na kaimati ndani ya boksi la kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme. Kaimati! Mkewe alikuwa akijua. Alikuwa akizihesabu kwa mafuta aliyokuwa akiyaona kwenye bisibisi.

Na kila Ijumaa, akitoka msikitini, anaishusha ile skopu ya mwalimu. Anapangusa vumbi. Anaichomeka umeme, anaiacha iwake kidogo, halafu anaizima anairudisha rafuni. Sababu yake, mashine ya aina hiyo ikikaa bila umeme, kapasita zake huoza ndani, siku mwenyewe akija kuiwasha inamlipukia. Lazima ionjeshwe umeme, kidogo kidogo. "Hii ni dawa, si chakula," akasema.

Lakini sikilizeni. Ikiwa inawaka hapo mezani, nzima, mstari wa kijani umenyooka kama barabara ya Marereni, yeye alikuwa akiigeuza kioo chake kikaangalia ukuta. Redio mbovu ya mtu imelala pale pale pembeni, waya uko mkononi, angeunganisha tu aone. Hakuunganisha. Alikuwa akikaa amefunga mikono, anautazama mgongo wa mashine mpaka muda wake ukaisha. Mimi hiyo ilinikatisha maneno. Nilitania vingi pale dukani, hilo sikuwahi.

Kwa hivyo tukatafuta nje.

Mimi sikuwa najua tyubu hii na ile, kwangu zote ni chupa. Fundi akaniambia kinachojulisha ni miguu. Nyuma ya tyubu kuna vimiguu vya chuma vimepangwa duara, na kila aina ina mpango wake, vikizidi au kupungua au kukaa vingine, haiingii. Sasa nitaikumbuka vipi? Akachukua kipande cha mche wa sabuni, ile ya kufulia, akaitoa tyubu yake iliyokufa, akaikandamiza miguu kwenye sabuni. Ikabaki alama, matundu duara. "Ukiona tyubu, jaribu hapa. Ikiingia bila kulazimisha, nipigie simu. Ukilazimisha nitajua."

Nikawa natembea na sabuni mfukoni. Yadi ya skrapu Kikambala, pale hoteli zinapotupa vitu vyao, jamaa waliniona natoa sabuni natia kwenye matako ya televisheni, wakaitana. "Njooni muone, Mgiriama anaogesha TV!" Nikawaambia hii ni ya kuoshea maiti tu, na wao zamu yao iko karibu. Tulicheka sana, lakini tyubu haikuwako. Zile zilikuwa za televisheni, nene, miguu mingine kabisa.

Marereni niliambiwa kuna mashine ya zamani kwenye stoo ya chumvi. Nikaenda. Ilikuwa kweli ni ya zamani, na ilikuwa kweli mashine, lakini chumvi ilikuwa imeila mpaka ukiishika inabaki unga. Nilirudi na kifundo kimoja cha plastiki. Fundi alikipokea kama zawadi, akakiosha, akakiweka kwenye kitambaa cheupe.

Gede kuna mtu alinihakikishia anayo. Kioo, kirefu, cha duara, kinang'aa ndani, hakuna hewa ndani yake. Kila kitu nilichosema, alisema ndiyo. Nikasukuma mkokoteni juani. Akanitolea kioo cha ndani ya chupa ya chai. Nilimletea Fundi hicho kioo nimekifunga kwenye gazeti ili acheke. Alifungua taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Alipokiona hakucheka, alikigeuza kwanza kutafuta miguu. Halafu akasema, "Angalau hewa haina kweli," ndipo akacheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimeona alivyolifungua lile gazeti. Sikumtania tena na tyubu.

Na ile sabuni yenyewe ilikwisha. Mama yangu aliikuta kwenye suruali, akafulia. Nilifika nyumbani nikaona shati zangu nyeupe pepepe kwenye kamba. Nilimwambia Fundi kwa woga. Akaniuliza, "Zimetakata?" Nikasema sana. "Alhamdulillahi, imefaa mmoja wetu." Akakata sabuni nyingine, akakandamiza upya.

Watu walimshauri anunue hizi skopu ndogo za Mchina, za mkononi. Mteja mmoja akamletea yake ajaribu. Ilikuwa na kioo kama cha simu na mistari myembamba kama unywele wa mtoto. Fundi alijitahidi nayo siku nzima. Macho yake yalikuwa yamezoea ule mstari mnene wa kijani, yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, na vidole vyake vilikuwa vya kuzungusha vifundo, si vya kugusa vijitufe. Jioni aliirudisha kwa adabu. "Ni mashine nzuri," akasema. "Yaninong'oneza na mimi sisikii."

Kwa hivyo kazi ikaanza kumtoka. Bila skopu alikuwa akikisia, akibadilisha spea hii na ile kama mpiga ramli, na yeye kukisia hakukuweza. Amplifaya ya msikiti ilirudishwa mara mbili inanguruma. Mara ya tatu hawakuirudisha, waliipeleka kwa kijana wa stendi. Mwenye boti akachukua redio yake na kiti chake. Hakuna aliyemtukana, watu wa pale wana heshima, walimsalimia tu wakapita. Hilo ndilo lililomuuma. Mkewe aliniambia, "Kelele, mtafutie. Huyu asipoipata hiyo tyubu nitamzika." Alisema akiwa anachambua mchele, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Yule dada alikuja mchana wa jua kali. Mimi nilikuwepo, nimekuja kupumzisha mkokoteni. Msichana mrefu, amevaa vizuri, anatoka kwenye semina ya kazini huko Kikambala. Akabisha hodi kwa Kiswahili cha bara.

"Habari ya hapa, mzee. Samahani, natafuta fundi wa redio. Baba yangu aliniambia kuna mashine yake aliacha Malindi, kwa fundi wa mji wa zamani. Alikuwa mwalimu Kilifi."

Fundi akasimama. Hakuwa akisimama haraka siku hizo.

"Babako ana kovu hapa?" Akagusa kidevu.

"Ndiyo. Alikuwa nalo."

Hilo neno "alikuwa" likatua pale mezani. Fundi akakaa tena. Akamuuliza lini, msichana akasema hivi karibuni, ugonjwa ulikuwa mrefu, walihamahama hospitali. Babake alikuwa akiitaja hiyo mashine kwenye homa, akisema Jumamosi ataifuata. Fundi akainua mikono akamsomea fat-ha mtu wa kanisa, mkewe akatoka nyuma akamkumbatia msichana, pale pale pakawa matanga.

Halafu akaishusha. Akaipangusa, ingawa aliipangusa Ijumaa. Akaiwasha, na kwa mara ya kwanza niliiona inawaka kioo kikitazama watu. Mstari mmoja, wa kijani, safi, hauna hata unyoya. Msichana akatoa simu akaipiga picha.

"Hii inafanya nini, mzee?"

"Yaonyesha yasiyoonekana. Sikiliza, mwanangu. Kila wiki uiwashe kidogo. Usiiache ikalala. Na usiipige, na usiiweke kwenye jua."

"Sawa, mzee. Nitajaribu."

Mimi nilikuwa nachemka. Pale pale, mashine iliyokufa iko kwenye rafu, yeye anafunga iliyo hai kwenye leso ya mkewe. Msichana alikuwa ameshaanza kuangalia gari lake kama itaenea. Nikafungua mdomo: "Dada, hii mashine wewe utaitumia ka..."

"Kelele." Fundi hakupaza sauti. "Mtu yuko kwenye msiba. Haombwi kitu."

Na kwetu ni kweli. Mfiwa hupewa, haombwi. Hata mimi Mgiriama nalijua hilo, kwetu mtu akiomba kitu matangani watu humtemea mate. Nikafunga mdomo. Mkewe alikuwa ameshika upande wa leso, naye hauachii. Fundi akamfungua vidole taratibu, kimoja kimoja, akaibeba mwenyewe mpaka garini. Alikataa nisaidie. Gari lilipokata kona alibaki amesimama njiani, mikono bado imekunjika kama aliyebeba.

Kilifi kuna jamaa yangu wa skrapu, karibu na daraja. Siku chache baadaye nilimpelekea waya wa kopa, nikaona ile leso ya mkewe Fundi. Naijua leso ya mtu, nilishapewa chai juu yake. Ilikuwa imetandikwa chini na juu yake bati, limekunjuliwa kwa nyundo, na vifundo vimetapakaa, na vigae vya kioo. Transfoma alikuwa ameshaitoa kwa ajili ya waya.

"Hii umeipata wapi?"

"Kuna dada alipita. Gari limejaa mizigo, akasema hajui ni ya nini, ni nzito, nimtupie. Analia lakini. Nikamuuliza walia nini dada, akasema ni ya babake."

"Mbona umeipiga nyundo?"

"Sasa ndugu, tangu lini unabembeleza skrapu?"

Mimi mwenyewe mangapi nimepiga nyundo. Niliomba leso, akanipa bure, nikamwachia mke wangu aifue. Kuipeleka Malindi sikuweza.

Nilipokwenda tena, duka lilikuwa limefungwa. Fundi alikuwa nyumbani, kitandani, mguu umefungwa bandeji, ile sukari ilikuwa imedai haki yake. Mkewe alinipisha mlangoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja na mwanga mzuri, na juu ya meza ndogo ile skopu yake iliyokufa. Alikuwa amewaomba vijana wa mtaani waibebe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Kelele. Mbona waingia kimya? Waumwa?"

Nikamwambia ni jua. Akanitazama, na yale macho yake ya ukungu yalikuwa bado yanaona usichotaka.

"Wewe wazunguka sana," akasema. "Kikambala, Kilifi."

"Nazunguka, mzee."

"Ukiiona huko, usinambie."

Nikasema sawa. Yeye akaitikia kwa kichwa, kama tumemaliza biashara, akaonyesha meza.

"Sasa hii yangu ifungue. Lakini hapa, nikiona. Na bisibisi, sitaki nyundo."

"Ya nini, Fundi? Tutapata tyubu."

"Hatutapata. Lakini ndani yake kila kitu kingine ni kizima. Kuna mtu mahali yake imekufa kwa kukosa kimoja katika hivi. Labda yuko Tanga, labda Bombay, simjui. Naye anamtuma punguani kama wewe kila mahali akamtafutie. Viweke. Usivipime kilo. Akija mtu umpe."

Nikaanza na skurubu za nyuma. Yeye amelala upande, ananiongoza kwa kidole. Kila kitu nilichotoa alikiomba kwanza akishike, akakitaja jina, akaniambia kinafanya nini, akanirudishia nikakiweka kwenye shuka. Transfoma. Akaisifu, akasema ya siku hizi haina uzito huo. Kapasita, mojamoja. Swichi ya kuzunguka, ambayo aliizungusha mara kadhaa karibu na sikio, tak, tak, tak, akatabasamu. Mkewe alileta uji, akaweka chini, akakaa kwenye mkeka kututazama. Tyubu ilipotoka, ndefu, baridi, na uzi wake uliokatika, hakunirudishia. Aliilaza kifuani, mkono juu yake.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikawa namuuliza, ananijibu, maneno yanapungua. Nikafika kwenye kitu kidogo kilichokuwa kimejificha nyuma, cha kauri nyeupe, kina waya mwembamba umezungushwa vizuri ajabu, kama mtu alikuwa akisuka kwa ajili ya mpenzi wake. Sijawahi kukiona kwenye mashine nyingine yoyote.

"Na hiki, Fundi?"

Alikuwa amelala. Kifua kinapanda na tyubu, kinashuka na tyubu. Mkewe akaweka kidole mdomoni. Nikasema basi nitamuuliza nikija. Nilipokuja, mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Spea zote ziko kwangu, kwenye boksi, kila moja nimeandika jina kwa kalamu ya mkaa, vile alivyotaja. Ile ya kauri niliifunga kwenye kitambaa. Mtu akija anaitafuta, itabidi anionyeshe yake kwanza, kwa sababu mimi sijui inaitwaje.